Maneno Aliyokuwa Hajayasema

Katika kazi yangu wafu hawaondoki upesi. Mtu anazikwa, watu wanakula ugali wa msibani, matanga yanaondolewa, ndugu wanagawana mashati, lakini kwenye kompyuta ya duka lake bado ni yeye anayefungua kazi asubuhi. Risiti zinatoka na jina lake. Kuna nyumba ya wageni huku Izia ambayo mwenyewe yuko kaburini siku nyingi, na kila mhudumu anayewasha kompyuta ya mapokezi anaandika neno la siri la marehemu, halafu kompyuta inamjibu, karibu tena bosi. Nimeshawaambia tubadilishe. Wanasema, tutabadilisha dada, usijali. Hawabadilishi, na mimi nimeacha kuwasumbua.

Nina kampuni ndogo ya ushauri wa kompyuta hapa Sumbawanga. Neno kampuni tunalitumia mimi na afisa leseni tu. Wateja wangu wananiita fundi. Nina chumba kimoja ghorofani, mkabala na soko, chenye meza mbili, birika la umeme na dirisha lisilofunga vizuri, na upepo wa huku kwetu haubishi hodi. Wanaonitafuta ni wenye maduka ya dawa, ya vipuri, ya pembejeo, wenye mashine za kusaga, na shule moja ya binafsi ambayo kila muhula inapoteza matokeo ya wanafunzi kisha inanipigia simu kama vile nimeyaiba mimi. Nawawekea mifumo ya mauzo, nawafundisha kuhifadhi nakala, hawahifadhi, nawagombeza, wanacheka, tunaanza upya. Kwa ujumla ni kazi nzuri na ninaipenda.

Nilisoma Dar na nikafanya kazi huko kabla ya kurudi kwa hiari yangu, jambo ambalo mpaka leo linawashangaza wengi. Wenzangu wa kule wakisikia Sumbawanga wanaanza utani wao wa uchawi. Huko si mnasafiri kwa ungo, kompyuta za nini tena? Zamani nilikuwa nacheka nao. Siku hizi anayeuanza utani huo mbele yangu namkatia simu, na sababu yake ni mteja mmoja aliyekuwa na duka chini ya dirisha langu, ng'ambo ya barabara.

Alikuwa muuza mbegu. Mbegu, mbolea, dawa za wadudu, mabomba ya kunyunyizia. Mzaliwa wa Kasense, mtoto wa wakulima, na mtu wa maneno kuliko mtu yeyote niliyewahi kumpokea ofisini. Sisi watu wa Ufipa tunasifiwa kwa upole na utulivu. Yeye siku utulivu unagawiwa hakuwepo. Alikuwa na neno kwa kila mpita njia. Mama aliyebeba debe la ulezi atasifiwa debe, mzee aliyevaa koti jipya ataulizwa kama anaoa. Mkewe alikuwa kinyume chake kabisa. Alitoka Kasanga, ziwani, kwenye ukoo wa wauza samaki, mwanamke mrefu wa maneno machache aliyejua kila gunia lilipo dukani bila kugeuza kichwa. Hawakujaliwa mtoto. Mama mkwe wake kule Kasense hakuwahi kumzoea. Alimwita yule mtu wa samaki, na hata samaki aliyemletea kila mwisho wa mwaka hakuwa akimla, aliwagawia majirani.

Mnaujua mtindo wa maduka yetu. Kila mwenye duka ana spika mlangoni, na kwenye spika ana tangazo lililorekodiwa linalozunguka kutwa: karibu mteja, karibu ujionee, bei ya kutupa. Wengi wanamlipa mtu mwenye sauti nzito ya redioni. Muuza mbegu alikataa. Alisema mkulima hawezi kununua mbegu kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kushika jembe. Kwa hiyo mwisho wa kiangazi, vumbi likiwa limejaa kila mahali, alipanda ngazi zangu akiwa na karatasi aliyoikunjakunja, tukaziba dirisha kwa blanketi, nikamwekea maiki, akaanza.

Nilidhani angerekodi tangazo moja. Akarekodi manne. La kwanza la kila siku, la pili la mvua zikianza, la tatu la Noeli, la nne la wakati wa kuvuna. "Mimi si mtu wa kupandapanda ngazi zako, dada," aliniambia. "Nimalizie mwaka mzima leo." Akataka kompyuta ya dukani, ikiwashwa asubuhi, iangalie tarehe na ichague yenyewe la kucheza. Hilo si jambo gumu, nikamfanyia siku hiyo hiyo. Nilimuuliza tu, hilo la mvua niliwekee tarehe gani, maana mvua haina kalenda. Akafikiri kidogo, akanitajia siku katikati ya Novemba.

"Na kama haijanyesha?"

"Kama haijanyesha nitalizima mwenyewe."

Hakufika Novemba. Alikuwa anarudi kutoka Matai kwa pikipiki, alikokwenda kuzungumza na wakala, akakutana na lori kwenye kona. Aliyeiona ajali alinieleza yote bila kuombwa, na mimi sitamfanyia msomaji unyama huo. Tulimzika Kasense, upande wa juu wa shamba la baba yake. Upepo ulikuwa unavuma mpaka kanga zinashikiliwa kwa mikono miwili. Mama yake hakulia mbele ya watu. Alikaa chini akiangalia mlango, na kila aliyeingia alimtazama usoni kwanza, kisha akatazama chini tena.

Baada ya matanga ukoo ulikaa kikao. Nilikisikia kutoka kwa mjane mwenyewe, siku alipokuja kunitaka nimfuate tukafungue duka, kwa kuwa hakutaka kufungua peke yake. Walikuwa wameamua aendelee kwanza. Baba mdogo wa marehemu ndiye aliyesema kwa niaba ya wote: duka ni la mtoto wetu, huyu mke hana mtoto wa kulirithi, basi na auze msimu huu, tutamwangalia. Alinieleza maneno hayo akiwa anatafuta ufunguo kwenye mkoba, bila kulalamika. Nyumba waliyopanga, jina lake pale sokoni, chakula chake, kila kitu alichokuwa nacho kilikuwa kinaning'inia kwenye neno hilo, tutamwangalia.

Tukaingia. Duka lilikuwa na harufu ya mbolea na ya kufungiwa. Akabonyeza kitufe cha kompyuta ili aone hesabu za bidhaa, na kabla kioo hakijawaka vizuri mume wake akaanza kusema mlangoni: karibu mkulima, karibu, ingia ndani usiogope, kuangalia ni bure. Mwanamke yule alishika kaunta. Mimi nilirukia waya wa spika, nikakuta mkono wake umeshafika pale, umeufunika.

"Uache," akasema.

Nikauacha. Basi ndivyo ilivyokuwa kila asubuhi. Sokoni watu walisimama kidogo siku za mwanzo, wengine wakijipiga ishara ya msalaba, kisha wakazoea. Ilikuwa rekodi, kila mtu alijua ni rekodi, maneno yale yale tuliyoyakariri alipokuwa hai. Wateja walisema, mzee anatuita, wakaingia na kununua. Duka likaenda. Penye biashara pana midomo, na nilisikia mmoja wa wauza nyanya akisema kufa kufaana, huyu mjane anauza kuliko mumewe. Nilimjibu jibu ambalo sitaliandika.

Lakini sitasema uongo kwamba mimi mwenyewe nilizoea. Duka liko chini ya dirisha langu. Nilikuwa nafungua ofisi, naweka maji ya chai, na kabla maji hayajachemka naisikia sauti ile ikipanda ng'ambo ya barabara. Upepo ukigeuka inasikika imekaribia, kana kwamba yuko kwenye ngazi. Nilianza kuchelewa kwa makusudi ili nikute ameshaanza kusema, kwa kuwa kilichonitisha kilikuwa ule mwanzo wake, ile pumzi aliyovuta kabla ya neno la kwanza. Niliyerekodi pumzi hiyo ni mimi. Ningeweza kuikata kwa dakika moja, nikashindwa kwenda kuomba ruhusa.

Kisha mvua ya kwanza ikanyesha. Ilianza usiku, kwa kishindo, mabati yakapokea, na asubuhi mji mzima ulinuka udongo. Huku kwetu asubuhi ya namna hiyo watu hawatembei, wanakimbia. Kila mtu anatafuta mbegu. Mimi nilikuwa dirishani na kikombe mkononi. Nilimwona mjane akifungua mlango wa duka, wateja wakiwa wameshasimama nje na majembe yao. Nikasikia ile pumzi. Halafu nikasikia haya:

"Mvua hiyooo! Mmeisikia usiku wenyewe, sijawadanganya! Sasa unangoja nini? Mbegu zimeingia jana, bado zina joto la gari. Mke wangu yuko kaunta. Amenuna kidogo kwa sababu nimemwamsha mapema, lakini atakuhudumia. Njoo, njoo kabla jirani yako hajaja!"

Kikombe sikukiangusha, ila chai ilinimwagikia mkononi na sikuisikia. Pale chini watu waliitazama spika kwanza. Kisha mwanamke mmoja akapiga yowe, na wote waliokuwa mlangoni wakatawanyika, mmoja akaacha jembe lake limelala barabarani. Jamaa wa bodaboda wa pale kona akawa anapaza sauti kwa mwenzake, "Mshikaji, jamaa karudi! Anasema kalala nyumbani!" Na spika ikaanza upya, mvua hiyooo, kwa furaha ile ile.

Simu yangu ikalia. "Dada, njoo," mjane akasema. "Anaongea."

Nilikuwa nimeshaanza kushuka ngazi, na katikati ya ngazi ndipo nilipokumbuka karatasi iliyokunjwa, blanketi dirishani, matangazo manne. Sikuwa nimeyafikiria tangu mazishi. Nilipofika nilimkuta amekaa chini nyuma ya kaunta, mgongo kwenye magunia, na machozi yanamtoka bila sauti, lakini usoni alikuwa na kitu ambacho sikukitegemea. Alikuwa anatabasamu.

"Kanisema nimenuna," akaniambia.

Nilimweleza. Nilimwambia ni rekodi, alirekodi kwangu kiangazi, siku ile yeye alipobaki dukani, na mashine imefuata tarehe tu. Alinielewa mara moja. Shida ni kwamba sokoni hakuna aliyengoja maelezo. Lisemwalo lipo, wakasema, na kama halipo laja. Rekodi haijui kama mvua imenyesha usiku. Rekodi haijui kama mbegu zimeingia jana, na mbegu zilikuwa zimeingia kweli jana yake, magunia yalionekana yakishushwa. Kabla ya saa sita mji mzima ulikuwa na jibu moja: muuza mbegu hakufa. Amefanywa msukule. Mwanamke wa ziwani amemfungia mahali, amemwachia sauti tu ya kumwitia wateja, na tulichokizika Kasense ni mgomba tu uliofanywa uonekane maiti.

Msomaji wa mbali anaweza kucheka hapo, kama wanavyocheka wenzangu wa Dar. Mimi nilikuwa najua maneno hayo yakishamshika mwanamke hayamwachi. Sana sana mwanamke mgeni, mjane, asiye na mtoto. Nimeshaona mtu akihama mji kwa maneno madogo kuliko hayo, na nimesikia ya waliochelewa kuhama. Niliogopa kweli. Nilizima spika, nikashusha mlango nusu, nikakaa naye.

Mchana wakaja. Walikuwa mama wa marehemu na yule baba mdogo, wamepanda gari dogo la mizigo kutoka Kasense, matope hadi magotini. Niliwaamkia, shikamoo mama, shikamoo baba. Mama aliitikia, marahaba mwanangu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuchoka. Baba mdogo hakuitikia.

"Tumekuja kuchukua funguo," akamwambia mjane. "Na tumekuja kumchukua mtoto wetu. Popote ulipomweka, mtoe."

Mjane alisimama. Akatoa funguo mfukoni, akaziweka kwenye kaunta, hakuzisukuma wala hakuzishika. "Baba, mtoto wenu tulimzika wote," akasema.

Mama hakuwa anasikiliza. Alikuwa ameshaingia stoo, kule nyuma. Nilimfuata nikidhani ataanguka gizani. Nikamkuta anapita kati ya magunia ya mbolea akiyapapasa moja baada ya jingine, anainama, anachungulia nyuma ya mabomba, na anamwita mwanawe kwa jina la utotoni, taratibu, kwa Kifipa, akimbembeleza: toka, ni mimi, usiogope, toka twende nyumbani. Hakuwa na hasira hata kidogo. Mwanamke yule alikuwa amekuja na matumaini. Katika mambo yote ya siku ile ni hilo ninaloliona bado nikifumba macho, ule mkono wake kwenye magunia.

Nilimshika bega nikamrudisha mbele, na hapo hasira yangu ikapata kazi. Nikawaambia wakae. Nikawaambia mimi ndiye niliyemrekodi, kwa mikono hii, pale juu kwenye dirisha lile, na maneno hayo aliyasema kwa akili yake na kwa kupenda kwake akiwa mzima. Baba mdogo akaniuliza, na lilikuwa swali la mtu mwenye akili, mashine ilijuaje mvua imekuja? Nikasema haikujua. Yeye marehemu alikisia tarehe kama wakulima wote wanavyokisia, na mvua ikamfuata. Akatikisa kichwa. Alisema anajua rekodi ni nini, anayo redio. Rekodi inarudia, haiongezi.

"Haijaongeza, baba. Yote yalikuwemo. Yamo hata mengine."

Nikageuza kioo cha kompyuta kiwaelekee, nikawafungulia mahali yalipo. Yale matangazo mawili yaliyokwisha kusikika, na chini yake mawili yanayongoja siku zao. La Noeli. La mavuno.

Mjane alikuwa amesimama pembeni yangu. Nilisikia akivuta pumzi. "Yapo mengine?" akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa. Nilikuwa sijamwambia, asubuhi nilimweleza hilo la mvua tu. Akaliona jibu mwenyewe kwenye kioo, akaweka kidole chake juu ya yale maandishi mawili kama mtu anayegusa paji la mtoto kuona kama ana homa.

"Haya," baba mdogo akasema. "Kama mtu amefungiwa mahali, leo atasema ya leo. Atasema mvua. Lakini kama ni mashine, basi leo hii iseme ya Noeli. Cheza."

Ulikuwa mtihani wa haki, siwezi kumlaumu. Nikashika kipanya. Mjane akanishika mkono.

"Dada, usifungue. Yaache yaje kwa siku zake."

Nikamnong'oneza kwamba wakitoka hapa hawajaamini, funguo zile zinaondoka nao, na kesho sokoni hatapita. Akanitazama. Hakuwa mjinga, alilijua hilo kabla yangu. Akauachia mkono wangu, akageukia ukuta wa mbegu, na mimi nikafungua.

Ile pumzi tena. Kisha: "Heri ya Noeli wakulima wote na wake zenu na watani wangu! Mkesha mchana tunafunga duka, usije ukagonga, hatupo. Tunakwenda Kasense kwa mama. Mke wangu amechukua samaki wa Kasanga, na mwaka huu mama atamla na atamsifia, nimeshamwambia. Wakigombana mtanikuta nimelala kwa jirani. Haya, mle vizuri!"

Nje mtu alikuwa anasukuma mkokoteni kwenye matope na magurudumu yalikuwa yanalia. Mama alikuwa amejifunika uso kwa kanga. Nilidhani analia, lakini alipoifunua alikuwa anamtazama mkwewe tu, moja kwa moja, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza. "Aliniambia kweli," akasema. "Siku aliyokuja kuchukua viazi. Aliniambia, mama, mwaka huu utamla." Alisema hivyo kwa Kifipa, halafu akarudia kwa Kiswahili ili mtu wa ziwani naye asikie.

Baba mdogo alikuwa amevua kofia. Aliziangalia funguo pale kwenye kaunta kwa muda mrefu, kisha akazisukuma kwa kidole kuelekea kwa mjane. Hakuomba radhi, wazee wa kwetu hawaombi hivyo. Alisema atapita kwa wazee wa soko kabla ya kurudi Kasense, awaeleze mwenyewe, na kwamba mtu akilitaja tena neno lile la msukule amtaje na yeye. Jambo lilikuwa limekwisha hapo. Ningefunga kompyuta, lingekuwa limekwisha.

Lakini mama alikuwa bado anaangalia kioo. "Na lile la mwisho?"

"Hilo ni la mavuno, mama," nikasema. "Ni la biashara tu."

"Hilo mniachie," mjane akasema. Hakugeuka kutoka ukutani.

"Mwanangu," mama akamwita, na hakuwa amewahi kumwita hivyo, "mimi mavuno sina hakika kama nitayafikia. Na mimi ndiye niliyemzaa."

Wote wawili wakawa wananingoja mimi. Sijui kwa nini ilikuwa kazi yangu kuchagua. Nilimwangalia mama mwenye matope hadi magotini, aliyekuwa ametoka kumtafuta mwanawe kwenye magunia, na nikaona siwezi kumnyima. Leo ningefanya vile vile. Nikafungua.

Lilikuwa tangazo la dawa ya kuhifadhi mahindi. Hakutania mtu. Alieleza kipimo kwa gunia, akasema changanyeni juani na si ndani ya nyumba, fungeni kitambaa puani, msiwaache watoto karibu, magunia mazuri yapo. Sauti yake ilikuwa imechoka kidogo, lilikuwa la mwisho siku ile. Na mwisho kabisa nilikuwa nimesahau kukata, kwa hiyo akasikika akihema, karatasi ikikunjwa, halafu akasema nami, kwa sauti ya kawaida ya mtu aliyeketi mezani: "Haya dada. Nimemaliza. Zima."

Mkono wangu ulizima kabla sijaufikiria.

Waliondoka jua likiwa linaanza kushuka, mama akiwa ameketi mbele na kifurushi cha mbegu alichopewa na mkwewe mapajani, baada ya kumwambia mkesha asichelewe. Baba mdogo alitimiza ahadi. Sokoni maneno yalipungua, kisha yakaisha. Duka likabaki mikononi mwa aliyestahili. Nilikusanya waya zangu nikiwa nimeridhika, nasema ukweli, nimeridhika kama mtu aliyefanya kazi nzuri, na nilikuwa nangoja kushukuriwa.

Mjane alikuwa anafagia mbegu zilizomwagika asubuhi watu walipokimbia. Alifagia mpaka mlangoni, akasimama na ufagio.

"Ungeniachia hata hilo la dawa ya mahindi, dada," akasema. "Ningelisubiri mpaka Julai."